Naomba ushauri: misumari ya jipsamu kwenye dari ya mbao

Wakuu, bodi ni za milimita 12.5, fremu ya mbao. Ukutani sina shaka: msumari wenye mikato ya duara mwilini, milimita 32, kila sentimita 20, usiopungua sentimita 1 kutoka ukingoni. Kichwa kizame kidogo tu. Karatasi inayofunika bodi ikichanika, msumari huo haushiki tena, pigilia mwingine pembeni.

Kasheshe ni dari. Mbao bado zina unyevu. Zikikauka zitasinyaa na vichwa vichomoze kwenye rangi. Msumari mrefu ndiyo kabisa, huzidisha. Je, nipige miwili miwili, sentimita 5 kati yake, kila jozi sentimita 30? Au skrubu tu? Au nisubiri mbao zikauke kwanza?