Sukari imefika 6.1, nianzie wapi?

BintLangoni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina miaka 41, nakaa Langoni, Lamu. Juzi nimepimwa ile sukari ya miezi 3, ikatoka asilimia 6.1. Daktari akasema bado si kisukari, ila mwili umeanza kuikaidi insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, kisha akaita mgonjwa mwingine. Mamangu alikatwa mguu kwa maradhi haya, usiku silali. Asubuhi nanywa chai ya maziwa, sukari vijiko 3, na mahamri 4 kwa mbaazi. Mchana wali wa nazi. Magharibi chai tena. Nyuma ya shingo nimefanya weusi, hautoki hata nikisugua kwa dodoki. Nisaidieni.

UmmuShela: Waaleikum salaam dada, pole kwa mama. Huo weusi usiusugue, si uchafu. Mara nyingi ni insulini iliyozidi: misuli haiisikii, kongosho linazidi kuimwaga. Mimi nilikuwa 6.3. Nilianza na chai, kila wiki nusu kijiko cha sukari pungufu, iliki na tangawizi nikazidisha. Mahamri 4 yakawa 1, mbaazi nikajaza bakuli. Hizo zina nyuzinyuzi, zinashibisha. Wali ukapungua, samaki na mchicha vikaongezeka. Baada ya miezi 6 nilipimwa 5.6.

Kombo_Pwani: Na ukishakula usikae barazani. Msuli ukitembea huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Marekani mwaka 2002 walitoa utafiti wa watu zaidi ya 3,000 wenye hali kama yako: waliotembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kidogo, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwao kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, asilimia 31. Shika njia ya pwani kuelekea Shela robo saa, urudi, siku 5 kwa wiki. Maji yakijaa pitia vichochoroni.

Mzee_wa_Tiba: Kunywa mlonge tu, hospitali achana nayo.

NesiMkomani: Mzee wangu, kwa heshima, hapana. Dada, mlonge upike kama mboga ukipenda, lakini miezi 3 ikiisha rudi ukapimwe. Wala usimeze vidonge vya mama. Na usingizi uutafute, kukesha kunapandisha sukari.

BintLangoni: Allah awalipe. Leo baada ya chakula nimetoka na mwanangu, tumetembea hadi jasho likanitoka. Chai ya vijiko 2 na nusu nimeimaliza.