Vumbi la ujenzi Zanzibar: mzigo wa fundi au wa mkandarasi?

Mleta mada

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Katika kazi za ujenzi husikika sana kwamba vumbi la jiwe letu halina madhara, kwani wazee walichonga matofali ya mawe na kuchoma chokaa maisha yao yote, na kwamba mwenye kuogopa ajinunulie barakoa.

Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inapotosha. Jiwe la Unguja na Pemba asili yake ni matumbawe, na sehemu yake kubwa ni kalsiamu kabonati. Vumbi lake huwasha macho, hukereketa koo na humtaabisha mwenye pumu, lakini kwa kawaida halina silika nyingi, yaani yale madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe magumu, nayo silika ndiyo inayotia mapafu makovu yasiyopona, yaani silikosisi. Nyumba za leo, hata hivyo, hazijengwi kwa jiwe na chokaa peke yake. Tunakata zege, vigae na meza za graniti, vitu ambavyo silika imo, na yale mawe ya jikoni yanayotengenezwa kiwandani huweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90, kiasi kwamba Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 2024.

Tazameni fundi anayekata graniti kavu kwa gurinda ndani ya jiko la hoteli, madirisha yamefungwa ili wageni wasisumbuliwe, fulana kaizungushia puani. Vumbi jeupe lililotua kwenye kope zake ndilo lenye nafuu; linalofika ndani kabisa ya mapafu ni la chembe za maikroni nne hivi kushuka chini (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hizo hazionekani kwa macho.

Rai yangu ni kuwa jukumu la kwanza ni la mkandarasi: ahakikishe ukataji unafanywa kwa maji ili vumbi lisiruke, asimwachie fundi ajikinge kwa barakoa peke yake.

Fundi wa vigae

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nakubaliana nawe kuhusu ugonjwa, si kuhusu dawa. Gurinda ya kawaida haikuundwa kutiwa maji, na anayeimwagia hujitafutia kupigwa na umeme. Huko shamba tunakojenga, aghalabu maji huletwa kwa boza na kulipiwa. Zaidi ya hayo, wengi wetu ni vibarua wa kutwa tusio na mkataba, hivyo nikidai mashine ya maji leo, kesho nafasi yangu ina mtu mwingine. Barakoa angalau iko mikononi mwangu.

Mleta mada

Kuhusu gurinda umesema kweli, na kwa hiyo sisemi imwagiwe maji, bali itumike mashine ya meza yenye sinia, ambayo maji yaleyale huzungushwa kwenye msumeno. Boza zima halihitajiki. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Ile ya N95 huchuja angalau asilimia 95, ila sharti igande barabara usoni, na kwa sisi wenye ndevu haigandi.

Hilo la kibarua ndilo zito. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya mwaka 2005 imembebesha mwajiri wajibu, lakini silikosisi mara nyingi hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, wakati mkandarasi na fundi wameshasahauliana. Mwenye maradhi hayo pia huwa rahisi kupatwa na kifua kikuu, akatibiwa kikohozi pasi na kuulizwa anakata nini. Kwa hiyo napendekeza udhibiti wa vumbi uandikwe katika mchanganuo wa gharama za zabuni kama kifungu chenye bei yake, ili anayeuruka asiwe ndiye mwenye bei ya chini anayeshinda. Hapo fundi hatakuwa na haja ya kudai.

Mchangiaji mwingine

Na akinamama wanaoponda kokoto kandoni mwa barabara? Wao hawana zabuni wala mkandarasi.

Mleta mada

Kwao pendekezo langu halifiki, dada yangu. Jiwe lao aghalabu ni hili la matumbawe, kwa hiyo kinachowakabili zaidi ni macho na kikohozi kuliko silikosisi. Kulowesha fungu kabla ya kuponda, kukaa upande upepo unakotokea na kuvaa miwani ya kukinga macho kutapunguza mengi, na miwani hiyo inaweza kununuliwa na shehia au na wanaochukua kokoto zao kwa jumla. Nani alipe kati ya hao wawili, bado naliacha wazi kwa wachangiaji.