Mrejesho: Vifaru vyangu vidogo vya M3 Stuart

Ndugu zangu, niliuliza hapa kwa nini rangi inabanduka kwenye minyororo ya vifaru vyangu vya mfano vya M3 Stuart, kifaru chepesi cha Kimarekani cha Vita vya Pili vya Dunia, vya kipimo cha 1/72 (yaani vidogo mara 72 kuliko halisi), na kwa nini vinateketea mapema katika kila mchezo wa vita vya mezani. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Kuhusu rangi, mlisema kweli: minyororo ile ni ya plastiki laini inayopinda, na ilikuwa bado na mafuta ya kiwandani. Niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaibandika kwanza kwenye magurudumu ili isipinde tena, ndipo nikapaka praima (rangi ya msingi) na tabaka nyembamba za rangi, nikisubiri kila moja ikauke kabisa, jambo linalohitaji subira katika unyevu wa Dar es Salaam.

Kuhusu mchezo, kosa lilikuwa langu. Stuart halisi, ambayo Waingereza waliitumia Libya katika Operesheni Crusader, shambulio lao dhidi ya Wajerumani na Waitaliano, mnamo Novemba 1941, ilikuwa na mzinga wa milimita 37 tu, lakini ilikimbia hadi kama kilomita 58 kwa saa barabarani. Jumamosi, nyumbani kwa rafiki yangu Kinondoni, sikuipeleka kupambana uso kwa uso na Panzer III, kifaru cha Kijerumani. Niliizungusha nyuma ya vilima, nikapeleleza na kushambulia malori ya mafuta. Vifaru vitatu kati ya vinne vilisalia, na rangi haijabanduka popote.