Vitani, mtu anaweza kukaa kizuizini bila kuonana na jaji?

Msomaji wa Usiku

Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo nina shindano la mahakama ya mfano, na kura imeniangusha upande wa serikali. Kisa ni cha kutunga. Nchi ina vita vya ndani, jeshi linapigana na kundi lenye silaha. Usiku wa manane askari wanaingia nyumba moja wanamkuta kijana fundi redio, na mezani kuna redio ya mawasiliano imefunguliwa, nati zimemwagwa kwenye kisosi. Wanaondoka naye. Siku ya 74 bado yuko kambini. Hajashtakiwa, hajaona jaji, na ndugu zake wakiuliza wanaambiwa "anahojiwa".

Hoja nilizopewa ni mbili. Ya kwanza, vita vikianza haki za binadamu zinakaa pembeni na sheria za vita zinashika usukani. Ya pili, huyu si mateka wa vita kwa kuwa hana sare wala cheo, na si raia wa kawaida kwa kuwa anashukiwa, kwa hiyo hakuna kifungu kinachomgusa. Nikizisoma kwa sauti naona aibu mwenyewe. Kuna namna ya kusimama upande huu bila kuanguka kifudifudi?

Jiwe la Pembeni

Dada, aibu ya nini? Vita si kesi ya kuku. Askari aliyelala mtaroni hawezi kuanza kujaza fomu. Mwachie huyo fundi leo, kesho redio ile ile inaelekeza mizinga kichwani kwako. Simama hapo hapo usiyumbe.

Bi Mizani

Hoja ya kwanza itazama dakika tano za mwanzo, mdogo wangu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishasema mwaka 1996, kwenye maoni yake kuhusu silaha za nyuklia, kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa haukomi kwa sababu vita vimeanza. Ikarudia msimamo huo mwaka 2004. Serikali inaweza kutangaza hali ya hatari na kujitoa kwa muda kwenye baadhi ya wajibu wake, ibara ya 4 inaruhusu, ila kwa kadiri ile tu ambayo hali inalazimisha. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikapigilia msumari mwaka 2001: hata hapo, haki ya mtu kwenda mahakamani ili jaji aamue bila kukawia kama anashikiliwa kihalali haipunguzwi. Na kama nchi yako ya kutunga imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, hali ni ngumu zaidi, maana mkataba ule hauna kabisa kifungu cha kujitoa wakati wa hatari.

Uturuki ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na bado Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema mwaka 1996, kesi ya Aksoy, kuwa siku 14 bila jaji zimepita kiasi. Wewe una 74.

Ya pili nayo mbovu, ila ina ufa unaoweza kupitisha mkono. Kwenye vita vya ndani kuna ibara ya 3 inayofanana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949. Inamlinda kila asiyepigana au aliyeacha kupigana, hakuna anayebaki nje. Inakataza kumtesa, kumdhalilisha, kumfanya rehani, kumhukumu bila mahakama halali. Lakini kuhusu nani ashikiliwe, kwa sababu gani, siku ngapi? Kimya. Uingereza ilijaribu kudai kimya hicho ni ruhusa, kwenye kesi ya Serdar Mohammed, aliyekamatwa na Waingereza Helmand, Afganistani, mwaka 2010 akakaa mikononi mwao zaidi ya siku 100. Mwaka 2014 jaji akaikataa hoja hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaiona ruhusa ya kushikilia kwenye maazimio ya Baraza la Usalama, kisha ikasema utaratibu wa mapitio haukumpa yule bwana nafasi ya kweli ya kupinga. Yaani mlango ulikuwepo, ila waliupitia vibaya.

Egemeo lako lingine ni kesi ya Hassan ya 2014. Waingereza walikwenda kumtafuta mtu kusini mwa Iraki mwaka 2003, wakamkosa, wakamchukua mdogo wake wakampeleka kambi ya mahabusu ya Camp Bucca. Mahakama ya Ulaya haikuona kosa, kwa kuwa Mikataba ya Geneva inaruhusu kushikilia na mapitio yalifanyika. Ila vile vilikuwa vita kati ya mataifa. Vyako ni vya ndani, na mpinzani wako atakukumbusha kabla hujakaa.

Karani Mstaafu

Bi Mizani amemaliza ya mahakamani. Mimi niseme ya mezani.

Nilikuwa karani wa kambi ya mahabusu, kwenye vita ambavyo sitavitaja na jeshi ambalo sitalitaja. Sheria sikusomea. Kazi yangu ilikuwa daftari. Daftari la jalada gumu, kurasa nilizipiga mistari mwenyewe kwa rula: namba, jina, jina la baba, siku na saa ya kukamatwa, mahali, kikosi kilichomleta, sababu, vitu alivyokutwa navyo, siku ya kutoka. Safu ya sababu niliipa upana wa vidole vitatu. Niliona nimekuwa mkarimu.

Usiku mmoja lori likaleta watu 11. Dereva hata injini hakuzima. Koplo akanipa kipande cha pakiti ya sigara kina majina tisa, wawili waliobaki nikawauliza mwenyewe. Nikamwuliza koplo, sababu? Akasema "wote wale wale", akaruka kwenye lori. Basi mstari wa kwanza nikaandika "anashukiwa kusaidia adui". Wa pili, "kama hapo juu". Kuanzia wa tatu nikaweka zile alama mbili za kurudia, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye hesabu za stoo, mpaka chini ya ukurasa. Wino wa bluu, mwandiko umenyooka. Nilisifiwa kwa ule ukurasa.

Sasa sikiliza, binti. Mapitio tulikuwa nayo. Kila baada ya wiki nne afisa alikaa na daftari langu na kalamu ya tiki. Afisa huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikosi kilichowakamata. Anafika kwenye alama mbili, anapandisha kidole mpaka mstari wa kwanza, anasoma "anashukiwa kusaidia adui", anashusha kidole, tiki. Watu kumi wakaisha kabla chai yake haijapoa.

Nimesema kumi kwa sababu yule wa mstari wa kwanza hakuwepo tena. Aliachiwa wiki ya pili, jina lake lilikuwa limefanana na la mtu mwingine. Nilimpigia mstari mwekundu kwa rula ile ile. Kumi waliobaki wakaendelea kukaa ndani kwa sababu ya mtu ambaye tulishakubali hana sababu. Afisa hakuliona, na mimi sikuliona, na daftari lilikuwa langu.

Aliyeliona ni mahabusu. Mstari wa 7. Aliletwa mezani kwangu kuchukua vidonge, akanisihi nimsomee alichoandikiwa. Nikamwambia "kama hapo juu". Akauliza, "Hapo juu kuna nani?"

Nimestaafu, na siku hizi nasoma hukumu kama wenzangu wanavyosoma kurasa za michezo. Kuna ya Hamdi, Marekani, 2004. Kijana mwenye uraia wa Marekani alikamatwa Afganistani mwaka 2001 akaitwa mpiganaji adui. Ushahidi wote wa serikali ulikuwa hati ya kiapo ya ofisa mmoja wa Wizara ya Ulinzi: kurasa mbili, aya tisa. Serikali ikataka majaji waridhike na hizo aya tisa. Nikacheka peke yangu, maana sisi tungeziona aya tisa ni anasa. Mahakama ikakataa: aelezwe sababu za kuitwa hivyo, apewe nafasi ya haki ya kuzipinga mbele ya mwamuzi asiye na upande. Jaji O'Connor akaandika kuwa hali ya vita haimpi rais hundi tupu.

Halafu kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 dhidi ya kupotezwa kwa watu, ibara ya 17. Inaorodhesha yanayotakiwa kuwemo kwenye daftari la mahabusu. Niliisoma nikiwa nimeshika penseli, nikilinganisha na safu zangu. Jina ninalo. Saa na mahali ninayo. Mamlaka iliyoamuru ashikiliwe: sina, nilikuwa naandika kikosi kilichomleta tu, na kuleta si kuamuru. Hali ya afya: sina. Kuhamishwa, ameenda wapi, saa ngapi: sina, nilikuwa na "kutoka" tu, na kutoka kunaweza kuwa kwenda nyumbani au kwenda kambi nyingine au kubebwa kwenye machela.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa shindano lako. Hoja ya kwamba hakuna kifungu kinachomgusa itupe. Sema serikali haikumshtaki kwa sababu haikuwa inamwadhibu, ilikuwa inazuia hatari. Sheria za vita zinaijua kazi hiyo. Mkataba wa Nne wa Geneva unaruhusu hata raia kuwekwa kizuizini bila mashtaka, iwapo usalama unalazimisha kabisa, na unataka mahakama au bodi ilipitie jambo lake mapema iwezekanavyo, kisha angalau mara mbili kwa mwaka. Ni wa vita kati ya mataifa, Bi Mizani ameshaonya, lakini unaweza kuuazima kama kipimo. Ila ukishauazima, jiandae: jaji atakuuliza nani alipitia la fundi, lini, na kwenye karatasi gani. Je, kisa chako kina jibu?

Jiwe la Pembeni

Mzee, heshima yako, lakini unataka askari aandike insha risasi zinalia? Mbona mateka wa vita wanakaa miaka na hakuna anayepitia chochote, na hao ndio wenye haki zote?

Karani Mstaafu

Swali zuri, na nililiuliza mimi pia wakati ule. Mateka wa vita amevaa sababu yake. Sare ndiyo maelezo: ni askari wa upande wa pili, anazuiwa asirudi mstari wa mbele, mapigano yakiisha anarudishwa kwao bila kuchelewa. Hakuna cha kuchunguza. Na hata kwake, ikitokea shaka kama kweli ni wa kundi hilo, ibara ya 5 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva inataka baraza lenye mamlaka liamue. Fundi redio amevaa shati. Shati halisemi kitu, na redio nayo inaweza kuwa ya mteja. Ndiyo maana sababu yake lazima iandikwe.

Usiku wa kwanza hakuna anayemdai koplo insha. Kule Afganistani majeshi ya NATO yalijiwekea saa 96 za kushikilia kabla ya kumkabidhi mtu au kumwachia, wakiwa vitani kweli kweli. Mimi nilikuwa na wiki nne, meza, taa na kalamu tatu.

Bi Mizani

Mzee, hilo la shati naliiba.

Msomaji wa Usiku

Shikamoo mzee Karani. Asante dada Mizani, na Jiwe pia, maana majaji wa shindano watauliza kama yeye. Nimerudi kwenye kisa nikakisoma upya. Aya ya 12 inasema "kamanda wa eneo alijiridhisha siku ya 30 na siku ya 60". Kamanda wa eneo ndiye aliyetoa amri ya msako, aya ya 3. Nilikuwa nimeipita mara nne. Sasa nafikiri nikubali mapema kwamba mapitio yana kasoro, nipiganie uhalali wa kumkamata na wa siku za mwanzo, na niombe amri ya mapitio mapya mbele ya bodi huru badala ya kuachiwa papo hapo. Ni kushindwa nusu, lakini naona ndiyo nafasi pekee ya kutoka na heshima.

Mzee, samahani kwa kuuliza. Yule wa mstari wa 7 aliishia wapi?

Karani Mstaafu

Marahaba binti. Omba hivyo hivyo, ila usikubali kasoro kabla hujaulizwa. Wacha jaji aifikie mwenyewe ndipo ukubali.

Wa mstari wa 7 alitoka siku ya 41, pamoja na wengine watatu. Sababu ya kuachiwa haikuandikwa, sikuwa na safu yake. Nilimpa karatasi aweke dole gumba. Akaniambia alikuja na saa ya mkononi, ya marehemu baba yake, mkanda wa ngozi umeshonwa uzi mweusi. Nikafungua daftari kwenye vitu alivyokutwa navyo. Nako nilikuwa nimeweka alama mbili.