Mbeya mnataka mbwa wachanjwe, usafiri mnawanyima!

Wakuu, nimetoka mjini sasa hivi na hasira hazijapoa, mnivumilie.

Kila ikifika Septemba tunatangaziwa: chanja mbwa wako, kichaa cha mbwa kinaua. Nakubali. Huo ugonjwa dalili zikishajitokeza, awe mtu awe mbwa, karibu hakuna anayepona. Sasa nimfikisheje kwa daktari wa mifugo? Nimbebe mgongoni kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa?

Leo makonda wamenikataa mmoja baada ya mwingine. "Mama, mbwa hapana, abiria watashuka." Mbwa mwenyewe nimemfunga mdomo kwa kitambaa, kamba fupi, katulia ananusa kiatu changu. Humo humo ndani ya daladala, chini ya siti ya nyuma, kuna tenga la kuku, mmoja katoa shingo anamdonoa dada wa watu kisigino. Mlangoni viroba vya viazi, unaviruka kama unavuka mto. Hao hawana shida, ila mbwa wangu Bosi ndiye mchafu! Anayemwepuka mbwa kwa sababu ya dini yake namwelewa kabisa, ningekaa naye mbali. Lakini konda hakumuuliza abiria hata mmoja.

Mwenye bajaji alikubali, kwa hela ambayo mtu anafika nayo Tukuyu na chenji inabaki. Eti ya kuoshea siti. Nimelipa, ningefanyaje?

Chanjo tumechoma. Nikasema kwa kuwa nimeshafika mjini, ninunue mbegu na dawa ya kuku kabisa. Nimemfunga Bosi kwenye nguzo nje ya duka la pembejeo, nageuka tu nasikia analia. Mlinzi kamtandika kirungu cha mgongo! Namuuliza kakosa nini, ananijibu kwa kuniuliza, "Kwani kachanjwa huyo?" Cheti ninacho mkononi, wino haujakauka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, nilipomtajia akacheka na wenye duka wakamsaidia kucheka.

Halafu watoto na mawe yao, watu wazima wanatazama. Akigeuka akang'ata, lawama kwangu. (Na ikitokea mtu kang'atwa, osheni jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, ndipo mkimbilie hospitali. Hayo mambo ya kupaka majivu acheni.)

Kama mbwa hatakiwi barabarani, basi wahusika waje na maboksi yao ya barafu yenye chanjo huku mitaani, watutangazie siku, tuwatoe mbwa getini wachomwe. Majirani zangu wengi wana mbwa na hawajawahi kuwapeleka, na baada ya kunisikia leo hawatawapeleka.

Mwenye bajaji ya Uyole asiyeogopa mbwa anifuate pembeni tupatane bei ya mwakani. Bosi hang'ati na hatapiki.