Mjadala: Jina la Mtume liandikwe na S.A.W. kwenye Wikipedia ya Kiswahili, au liachwe peke yake?

Mhariri wa Ilala (mleta mada)
Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, habari zenu wote. Najitolea kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, zaidi makala za historia na dini. Juzi mwenzetu mmoja mpya, kijana mwenye bidii, aliongeza "(S.A.W.)", ile dua ya kumtakia rehema na amani, kila palipotajwa jina la Mtume Muhammad. Mwingine akaziondoa zote. Wa kwanza akarudisha. Wamekwenda hivyo mara nne mpaka usiku, na ukurasa wa majadiliano haujaandikwa hata neno moja. Wikipedia ya Kiingereza ina mwongozo wake: jina halifuatiwi na sala, kwa kuwa kamusi elezo kazi yake ni kueleza. Sisi tufuate huo, au tuwe na wetu? Msomaji wa Tanga au Lamu analichukuliaje?

Binti Kisauni
Mimi ni Muislamu na nasema ziondolewe. Kumswalia Mtume ni wajibu wa ulimi wangu ninapokutana na jina lake, pawe pameandikwa au hapakuandikwa. Mhariri Mkristo akilazimishwa kuiandika, atakuwa anaandika dua asiyoiamini. Hiyo si heshima kwa Mtume.

Ustadh wa Mwembeni
Dada yangu, umenishangaza. Mbona makala zao zimejaa Mtakatifu huyu, Mtakatifu yule, mpaka wa karne ya nne huko Misri? Sisi herufi tatu tu zinawakera. Na kuombaomba hakusaidii. Mwaka 2008 watu zaidi ya laki moja walitia saini picha za Mtume ziondolewe kwenye Wikipedia ya Kiingereza, hazikuondolewa. Ndiyo maana nasema hii ya Kiswahili tuishike wenyewe.

Katekista wa Peramiho
Ustadh, soma vizuri kabla ya kushutumu. Zile makala zinasema fulani "anaheshimiwa na Wakatoliki na Waorthodoksi kama mtakatifu". Zinataja nani anamheshimu, basi. Kwenye makala ya Yesu hatuandiki "Bwana na Mwokozi wetu", na mimi huyatamka maneno hayo kila siku. Halafu zipo nyingi kwa sababu watu wamekesha wakiziandika. Nanyi mkipunguza malalamiko mkaandika za masheikh wenu, nani atawazuia? Kuandika Kiswahili tumeanza sisi Wakristo tangu mmisionari Krapf, mngeshatufikia zamani.

Mwana wa Pate
Hapo umekanyaga pasipokanyagwa. Krapf alifika Mombasa 1844. Utendi wa Tambuka, shairi refu la vita, uliandikwa kwetu Pate, pwani ya Kenya, 1728. Toa mwenyewe: miaka 116! Pate, Siyu na Lamu watu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kusoma, na kunakili, na kurithishana, kabla babu yake Krapf hajazaliwa. Na alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyekaa naye kumsahihishia maneno ni nani? Kadhi wa Mombasa! Leo mnatuambia mmeanza nyinyi?

Namba Hazidanganyi
Mnajichosha bure wakuu. Sensa ya Tanganyika ya 1957 ilionyesha Waislamu wengi kuliko Wakristo. Wengi wape, S.A.W. iwekwe, mjadala ufungwe.

Binti Kisauni
Sensa ya mwisho Tanzania kuuliza dini ni ya 1967, na hiyo si sababu. Wikipedia haihesabu waumini. Kwa hesabu yako Wakenya tutaandika tofauti na Watanzania ndani ya makala moja.

Mkulima wa Mbozi
Naomba kuuliza jambo, maana nasoma tu siku zote. Kuna makala inaeleza matambiko ya kabila letu, na imeyaita "ushirikina" mara tatu. Mnazungumzia heshima ya Mtume na ya watakatifu, sawa kabisa. Ya mababu zetu je? Kama sheria ni kutoegemea upande, neno hilo limepitaje?

Katekista wa Peramiho
Mwana wa Pate, tenzi sikuzikataa. Nilimaanisha vitabu. Kamusi ile kubwa ya mwanzo ni ya nani kama si ya Krapf?

Mwana wa Pate
Ilitoka London 1882, mwenyewe ameshafariki mwaka mmoja kabla. Na hilo neno "vitabu" ndilo linalokufunga. Utendi wa Tambuka jina lake jingine ni Chuo cha Herekali, yule mfalme wa Warumi. Waulize wazee wa kwetu "chuo" ni nini: ni kitabu! Mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Unatumia lugha ya watu halafu unawanyima vyuo vyao.

Mhariri wa Ilala (mleta mada)
Ndugu zangu, nawaomba turudi kwenye mada.

Ustadh wa Mwembeni
Hapana, mleta mada, ngoja kwanza, maana nimeambiwa nalalamika tu. Mimi nimeandika. Nilikaa siku tatu nikaandika habari za sheikh aliyetufundisha darasa baada ya Alasiri mtaani kwetu zaidi ya miaka thelathini. Watu walikuja mpaka kutoka visiwani kumsikiliza. Ikawekewa kigezo, yaani alama ya onyo, cha kukosa vyanzo, wiki iliyofuata ikafutwa. Chanzo ni mimi niliyekaa mbele yake kwenye jamvi! Nyinyi Wakatoliki mna kitabu kimoja kimepanga watakatifu wa kila siku ya mwaka. Mnafungua tarehe ya leo, mnaandika mbegu, makala fupi ya mistari mitatu, tayari. Sisi elimu yetu imo vifuani. Akifa sheikh, imekwenda.

Katekista wa Peramiho
Hili la darasa sikulijua, Ustadh, na limeniuma. Lakini mkabidhi, msimamizi wa Wikipedia aliyeifuta, hakuwa na njia. Akikubali neno lako bila chanzo, kesho atakuja mtu na "nabii" wake wa mtaani, aseme naye alikaa mbele yake.

Binti Kisauni
Si vyote vimo vifuani. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefasiri Qurani nzima ikatoka 1969, aliandika pia kitabu kuhusu wanavyuoni wa Kishafi, yaani wa madhehebu ya Shafii, wa Afrika Mashariki. Majina yamo, walimu wao, wanafunzi wao, walikosomea. Ami yangu Kibokoni anacho, jalada limetoka lakini kurasa zimetimia. Nani kati yetu amewahi kukinukuu?

Ustadh wa Mwembeni
Sheikh wangu hatakuwemo. Alianza kufundisha baadaye.

Binti Kisauni
Walimu wa mwalimu wake watakuwemo. Tuanzie kwao. Jumamosi naenda kwa ami.

Katekista wa Peramiho
Ukikipata, niandikie kurasa kwa kurasa. Kupanga tanbihi nimezoea, nitakufanyia hata usiku.

Mwana wa Pate
Kwanza ayafute yale maneno ya "tumeanza sisi". Kisha ndio apange tanbihi za masheikh wetu.

Katekista wa Peramiho
"Tumeanza sisi" nayafuta, nilisema kwa hasira. Kamusi siifuti.

Namba Hazidanganyi
Lakini sensa ya 1957...

Mkulima wa Mbozi
Swali langu halikujibiwa, nikaingia kuhariri mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Nimetoa "ushirikina", nikaweka "dini ya jadi". Kwenye sanduku la maelezo nikaandika sababu, kwa adabu. Imekaa dakika 11, imerudishwa.