Likizo ya Juni na watoto watatu: Bagamoyo, Kilwa au Iringa?

MamaWatatu
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa kati, miaka 8, juzi mwalimu kamuuliza makumbusho ni nini. Kajibu, "Ni stendi ya daladala." Darasa zima likaona yuko sawa. Hajui kwamba stendi imechukua jina la Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani pale Kijitonyama, na mimi mama yake nimepita pale miaka yote nikiwahi gari bila kuingia hata mara moja. Aibu ikanishika.

Sasa tumeamua likizo hii tuwapeleke mahali. Watoto wana miaka 12, 8 na 5. Baba yao kapata ruhusa ya siku 4 tu. Gari lipo, dogo na la chini. Tunabishania sehemu tatu: Bagamoyo pamoja na magofu ya Kaole, Kilwa Kisiwani, au Iringa, yaani Isimila na Kalenga. Baba anavutia Iringa kwa kuwa ni kwao. Mimi moyo uko Kilwa. Mkubwa kasema popote penye intaneti.

Mliokwenda na watoto, nielezeni walichoka wapi na walipenda nini. Maneno ya vipeperushi ninayo.

MsafiriKusini
Dada, mimi ni wa huko huko kusini, kwa hiyo jua mapema kwamba ngoma navutia kwangu.

Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, lami. Ukitoka alfajiri kabla foleni ya Mbagala haijakaza, mchana mnakula samaki Masoko. Msivuke siku hiyo hiyo, watoto watakuwa wamechoka na jua limeshapanda. Lala, asubuhi chukua kibali pale mjini, ndipo mpande mashua.

Ukweli ni huu: wa miaka 12 atafurahi, wa 8 nusu nusu, wa 5 utambeba. Kutoka Msikiti Mkuu hadi Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, ni mwendo, jua la utosi, na usitegemee duka la soda njiani. Mdogo wetu alisusa katikati ya safari, akakaa chini ya mti akasema yeye ndiye sultani na sultani hatembei.

Lakini mzee aliyetutembeza alijua kazi yake. Aliwakalisha kivulini, akawasimulia jinsi Ali bin Hassan wa Shirazi alivyokinunua kisiwa kwa nguo. Mwenye kisiwa alitaka nguo za kukizunguka chote. Akapewa, akahamia bara. Baadaye alipotaka kurudi kupigana akakuta pale alipokuwa akivuka kwa miguu maji yakitoka, pamechimbwa na bahari imejaa. Wanangu wakasahau kiu. Wakaanza kupiga hesabu zingehitajika doti ngapi za kanga, na je, kanga inapimwa ikiwa imekunjwa au imetandazwa? Ubishi huo ulitufikisha hadi kwenye birika la pembe nane la Husuni Kubwa bila mtu kulia.

Mkubwa wako mwambie pia habari ya sarafu. Kilwa walikuwa wakipiga pesa zao za shaba, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kwenye mchanga wa kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Tano kati yake zikaja kutambulika kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko? Mwache akatafute kwenye hiyo intaneti yake.

Mnyalukolo
Kamwene dada! Msikilize mumeo.

Iringa safari yenyewe ni makumbusho. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, watoto wanaona twiga na pundamilia kupitia dirishani bila kulipa kiingilio. Dereva tu afuate mwendo ulioandikwa, faini ya kumgonga mnyama haina utani. Halafu Kitonga, pale wanaanza kutapika, beba mifuko. Ni kama kilomita 500 kutoka Dar, kwa hiyo siku ya kwanza na ya nne zote zinaishia barabarani. Hilo silifichi.

Isimila ni kilomita 20 hivi kutoka mjini, njia ya Mbeya. Pale hakuna mtoto anayechoka. Mnashuka korongoni katikati ya nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, zimesimama kama majitu. Zana za mawe zimelala pale pale chini: mashoka yenye umri unaokadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Wetu aliruhusiwa kushika moja, likamzidi mkono, akauliza, "Mpini wake uko wapi?" Hapakuwa na mpini. Alinyamaza sana baada ya hapo, na mwanangu si mtu wa kunyamaza. Kingine kilichomwingia ni kwamba mwaka 1951 aliyeyaona kwanza mawe hayo akajua ni kitu cha maana alikuwa mwanafunzi kutoka Afrika Kusini.

Juni ni baridi huko. Masweta, tena mazito.

BibiWaUpanga
Wote mnawaza mbali. Mama Watatu, anza na Posta. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, asubuhi moja tu: kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, na magari waliyopanda viongozi. Wajukuu zangu wa kiume hawakutoka kwenye magari. Ukiona wamevumilia saa mbili, ndipo ufikirie Kilwa.

MwalimuWaChekechea
Namuunga mkono Bibi. Kwa wa miaka 5 mimi ningekwenda Bagamoyo, sababu ni moja: kilomita 70 tu, na akikataa mnarudi nyumbani.

Lakini nina jambo, na najua halitapendwa. Bagamoyo kila kona ni habari ya utumwa na misafara. Niliwahi kwenda na watoto wadogo, aliyetutembeza (mahali sitapataja) akaanza na minyororo, akaeleza shingo kwa shingo, akawaomba watoto wapange mstari waone ilivyokuwa. Mmoja alijikojolea. Mzazi ongea na mtu huyo pembeni kabla hajaanza. Mwambie umri wa watoto na unachotaka wasikie leo. Wa miaka 12 anastahili kuambiwa yote. Wa 5 inatosha ajue kwamba watu walichukuliwa kwao kwa nguvu, wakatembezwa kwa miguu hadi hapa.

Mnyalukolo
Mwalimu kanikumbusha, nami nilipaswa kusema. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liko kwenye kioo, mnaliona macho kwa macho. Wangu wa miaka 6 alilala na taa wiki nzima. Wa 13 ndiye aliyeuliza maswali: kwa nini Wajerumani walichukua kichwa cha mtu? Ikabidi nianze Lugalo 1891 Wahehe walipoliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski, nipite kuanguka kwa Kalenga 1894, hadi 1898 mwenyewe alipojipiga risasi asikamatwe. Kisha fuvu likatajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado likakaa Ujerumani hadi lilipoletwa 1954. Akasema, "Baba, miaka 35 tangu mkataba?" Alikuwa amepiga hesabu kichwani kabla yangu.

MmatumbiBerlin
Nadandia uzi. Mimi naishi huku Berlin, na wikiendi watoto wananiburuta kwenye makumbusho ya viumbe kumwona "mjusi wetu". Mifupa ya dinosaria iliyofukuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, imesimamishwa ukumbini, kimo zaidi ya mita 13. Watoto wote wa hapa wanamjua. Binti yangu alimwambia mwenzake wa darasani kwamba huyu ni wa kwa bibi. Mwenzake hakuamini, wakaenda kusoma kibao.

Swali lake kwangu lilikuwa, walimbebaje? Nikamwambia kichwani na mabegani, watu wa kwetu, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Akaangalia mfupa wa paja, akaangalia kichwa changu.

Nasema hivi kwa sababu mkienda Kilwa mmekaribia Lindi. Tendaguru porini hamtakuta mengi ya kuwaonyesha watoto, msiende na gari la chini. Ila waambieni mko mkoa wake.

MamaWatatu
Asanteni sana, hadi Berlin! Maswali mawili ya kimama. Vyoo? Na chakula?

MsafiriKusini
Kisiwani jisaidieni kabla ya kuvuka. Maji beba zaidi ya unavyodhani, kofia, ndala za kukanyagia maji kwa sababu mashua haifiki pakavu kila wakati. Maandazi ya kutosha.

BibiWaUpanga
Na kitambulisho cha NIDA, mwanangu. Kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni.

MwalimuWaChekechea
Kitu kimoja kwa sehemu moja. Ukiwaambia "angalieni vizuri kila kitu" hawataona chochote. Sisi huwapa kazi: leo tunatafuta milango iliyochongwa, mwenye kuona mingi anachagua juisi. Bagamoyo Mji Mkongwe hiyo kazi inatosha asubuhi nzima.

Mnyalukolo
Kwetu juisi hainywewi Juni, ni chai.

MamaWatatu
Wakuu, nimerudi na mrejesho kama desturi.

Tulifuata ushauri wa kupima kwanza, tukaenda Bagamoyo Jumamosi moja kabla ya ruhusa ya baba. Kaole tulifika mapema kabla ya jua kali. Msikiti wa karne ya 13 uliwashinda, waliona ni mawe tu, samahani wanahistoria. Makaburi yaliwaingia kidogo zaidi, hasa walipoambiwa kwamba kwenye nguzo ya kaburi yalikuwa yamepachikwa mabakuli kutoka China. Wa kati akataka kujua nani alikula kwenye bakuli kabla halijapelekwa makaburini. Mbuyu wa Kaole waliuzunguka mara nyingi, maana walisikia ukiuzunguka unaongezewa umri. Mdogo kwa hesabu yake ataishi miaka 300.

Habari za utumwa niliongea na kaka aliyetutembeza kama Mwalimu alivyosema, akaelewa haraka. Wadogo walibaki na baba yao ufukweni wakitazama majahazi, mimi na mkubwa tukaingia tukasikiliza. Hakugusa simu dakika arobaini. Usiku alinijia jikoni akauliza kama ukoo wetu kuna aliyepitishwa pale. Nilimwambia tutamuuliza bibi wa Iringa.

Kwenye misheni ya Roho Mtakatifu tulikwenda mchana, wamechoka tayari. Mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwaka 1874 tuliupita haraka, ingawa wa kati alishtuka kusikia watumishi wake, akina Chuma na Susi, walivyoubeba kutoka Zambia ya leo hadi pwani. Kilichowakamata ni mbuyu mwingine, ule uliopandwa mwaka 1868. Kwenye shina kumetokeza kipande cha mnyororo. Inasemekana Mama Chevalier aliyefanya kazi misheni alimfungia punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika, mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Mdogo aliupapasa kwa kidole, akauvuta, akaweka sikio kwenye gome.

Kwa hiyo siku 4 za baba tunakwenda Iringa. Isimila wote, Kalenga wakubwa tu, mdogo atabaki kwa bibi akila mahindi. Kilwa nitakwenda na mkubwa peke yetu Desemba, na tutapima kisiwa kwa kanga.

MsafiriKusini, nisamehe. Na mwenye kujua punda yule alifunguliwa na nani anijibu hapa hapa, maana naulizwa kila siku wakati wa kuoga.